Shajara ya mradi: kukagua mashine za waya kwenye karakana ya pamoja

Jumamosi: kila kitu mezani

Leo tumetoa mashine zote zenye waya kwenye rafu, makabati na masanduku tukazipanga juu ya meza mbili: drili za mkono, drili kubwa ya mezani, grainda za ukubwa tofauti, msumeno wa duara, randa ya umeme, mashine za msasa, bunduki ya hewa moto, pamoja na rundo la ekstensheni. Lengo la mradi ni kwamba hakuna mashine itakayorudi rafuni kabla hatujaupima usalama wake wa umeme. Kuiwasha na kusikia inanguruma hakutoshi.

Kijana mmoja anayejifunza kazi hapa aliuliza swali zuri mapema kabisa: "Fundi, hizi si zinafanya kazi zote? Sasa tunatafuta nini?"

Nilimwambia mashine inapozunguka inathibitisha jambo moja tu, kwamba laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimefika kwenye mota. Waya wa arthi, ule unaounganisha ganda la chuma na ardhi, hauna kazi yoyote ya kuonekana mpaka siku laivu itakapogusa ganda la chuma. Ukikatika leo, mota haitapungua kasi, hakuna taa itakayozimika, wala hutasikia harufu. Mashine inaweza kufanya kazi miaka mingi bila arthi na kila mtu akaisifu. Vivyo hivyo kihami (kinachozuia umeme usipite) kilichochoka, na breka ya uvujaji (inayokata umeme unapovuja) iliyokwama. Vitu vinavyomlinda mtu vyote vinaharibika kimyakimya, kwa hiyo lazima tuviendee sisi wenyewe na kuvipima.

Halafu tukapiga hesabu pamoja kwenye ubao, maana bila hesabu hii mengine yote yanaonekana ni woga tu. Mwili wenye ngozi iliyolowa jasho unaweza kuwa na ukinzani (uwezo wa kuzuia mkondo, unaopimwa kwa omu) wa omu 1,000 hivi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Gawanya volti 230 kwa 1,000, unapata miliampea 230. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea na kukuta kwamba kwa umeme wa hezi 60 mwanamume wa wastani hushindwa kuachia waya mkondo ukipita miliampea 16 hivi, na mwanamke karibu miliampea 10.5. Misuli ya mkono inajifunga yenyewe, na mtu anabaki ameshika kitu kinachomuua. Sasa linganisha na fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi. Ampea 13 ni miliampea 13,000. Fyuzi hiyo itamwangalia mtu akifa bila kukatika, kwa sababu imewekwa kuulinda waya usiungue. Kijana aliitazama ile hesabu ubaoni muda mrefu, na hakuuliza tena kwa nini tunafanya kazi hii.

Kabla ya kufunga tumezigawa mashine makundi mawili. Daraja la kwanza ni zile zenye ganda la chuma linalogusika na ambazo lazima ziwe na arthi. Kwetu ni drili ya mezani, grainda ya benchi na mashine chache za zamani. Daraja la pili ni zile zenye alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibao cha maelezo. Hizo zina kihami maradufu, zinakuja na nyaya mbili tu, na hazipaswi kuongezewa arthi. Mashine za mkono za siku hizi karibu zote ni za daraja la pili. Makundi haya yanapimwa kwa njia tofauti, na ukiyachanganya utaipitisha mashine mbovu au kuikataa iliyo nzima.

Jumapili: macho na vidole

Hakuna mita iliyotolewa leo. Tumetazama na kupapasa tu, mashine zikiwa zimechomolewa, na naamini hitilafu nyingi za mradi mzima tumezipata leo.

Waya tunaupitisha kati ya vidole kuanzia plagi hadi mashine, polepole, tukiukunja kidogo kila sentimita chache. Vidole vinahisi uvimbe, mahali palipobanwa, au sehemu laini kupita kiasi ambapo nyaya za ndani zimekatika na kubaki ganda peke yake. Mahali pabaya kuliko pote ni shingoni, pale waya unapoingia kwenye mashine. Hapo ndipo unapokunjwa kila mara mashine inapogeuzwa. Drili mbili zilikuwa zimepasuka ganda hapo, chini kabisa ya mpira unaolinda shingo, mahali ambapo hupaoni mpaka uuvute mpira nyuma. Nyaya za ndani zilikuwa bado nzima. Tumefupisha waya, tukakata sehemu yote iliyochoka na kuuingiza upya.

Tepu ya umeme imenikasirisha. Ekstensheni kadhaa zilikuwa zimefungwa tepu mahali zilipokatwa. Tepu haina nguvu ya kuvutwa, gundi yake inalainika kwa joto, na ikishalowa mafuta inateleza yenyewe. Vilevile inaficha kilicho chini yake. Tumekubaliana kwamba waya uliofungwa tepu ni waya uliokatika: unakatwa pale pale na kubaki vipande viwili vifupi, au unatupwa.

Kisha tukafungua plagi moja baada ya nyingine. Kibano cha waya kinatakiwa kishike ganda la nje la waya, ili mtu akivuta, nguvu iishie kwenye kibano na isifike kwenye skrubu. Plagi nyingi zilikuwa zimefungwa kibano juu ya nyaya za ndani zenye rangi, ganda la nje likiwa limeishia nje kabisa ya plagi. Nyingine ncha zake zilikuwa zimepakwa risasi ya kulehemu kabla ya kufungwa na skrubu. Watu wanaona hiyo ni kazi safi, kumbe risasi ni laini: ikikaa chini ya mgandamizo inasogea taratibu, skrubu inalegea, na kiungo kinaanza kupata joto. Sasa tunasokota ncha vizuri au tunazivika vikopo vidogo vya shaba vinavyobanwa kwa koleo yake.

Katika kufunga upya tunaacha waya wa arthi uwe mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi. Waya ukija kung'oka kwa nguvu, laivu inatoka kwanza na arthi inatoka mwisho. Hili linagharimu sentimita mbili za waya, na halina sababu ya kuachwa.

Kuhusu rangi: nyaya nyingi tulizo nazo ni za mpango wa kimataifa, kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa arthi. Lakini kuna mashine moja ya kizamani yenye nyekundu, nyeusi na kijani, na nyingine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani yenye nyeusi, nyeupe na kijani. Angalia hatari iliyopo hapo: nyeusi ni nyutro kwenye moja na laivu kwenye nyingine. Hatuamini rangi. Tunapima kutoka pini hadi ndani ya mashine.

Jumanne: arthi inahojiwa

Siku hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Kwa mashine za daraja la kwanza tunapima ukinzani kati ya pini ya arthi ya plagi na chuma kinachogusika cha mashine. Kipimo kinachokubalika na wakaguzi wengi ni omu 0.1, na juu yake unaongeza ukinzani wa waya wenyewe. Waya wa mita 2 wenye shaba ya milimita za mraba 0.75 una karibu omu 0.05 kwa njia moja, kwa hiyo tunategemea namba ndogo sana.

Drili ya mezani, ile ya chuma kizito ambayo kila mtu hapa huipenda, haikuonyesha muunganiko wowote. Mota inazunguka vizuri, swichi inaitika, lakini pini ya arthi haifiki kwenye ganda. Tulipofungua kiboksi cha nyuma tukakuta waya wa arthi umefungwa vizuri kwenye skrubu yake, skrubu yenyewe ikiwa imekaza chuma kilichopakwa rangi. Rangi ni kihami. Tulikwangua rangi mpaka chuma king'ae, tukaweka washa yenye meno na kukaza upya, namba ikashuka mahali pake.

Kuna jambo moja la kujihadhari nalo. Mita ya kawaida hupima kwa mkondo mdogo mno. Waya wa arthi ambao nyuzi zake zimekatika zote isipokuwa mmoja bado utaonekana mzima kwa mita hiyo, lakini siku ya hitilafu uzi huo mmoja utaungua kabla breka haijakata. Ndiyo maana vipimaji vya kazi hii hupitisha mkondo mkubwa, vingine hadi ampea 25. Kwa kuwa tunacho cha kuazima kwa muda tu, tumepima zote kwa hicho, huku mwenzetu akiukunja na kuutikisa waya shingoni na kwenye plagi. Namba ikichezacheza waya ukitikiswa, waya huo haupiti, hata kama wastani wake ni mzuri. Grainda ya benchi imeangukia hapo. Waya wake umebadilishwa wote.

Alhamisi: kihami na vumbi la chuma

Leo ni mega, yaani kipimo cha kihami kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Tunaunganisha laivu na nyutro pamoja upande mmoja, upande wa pili tunaugusisha chuma cha mashine, na swichi ya mashine inakuwa imewashwa ili kipimo kifike kwenye mota. Daraja la kwanza tunataka angalau megaomu 1 (omu milioni moja), daraja la pili angalau megaomu 2. Mashine iliyo nzima hupita mbali sana juu ya hapo. Kwa ganda la plastiki tunazungushia karatasi ya alumini mahali mkono unaposhika, tunapima hapo na pia kwenye kishikio cha biti au sehemu nyingine yoyote ya chuma iliyo wazi.

Grainda moja ya daraja la pili imetupa somo kubwa kuliko zote. Ilisoma chini ya megaomu 1. Kwa nje ilikuwa safi, waya mzima, plagi nzima. Tulipoifungua, ndani kulikuwa na unga mweusi kila mahali: chuma kilichosagwa, kimevutwa na feni ya kupoza mota, kikachanganyika na unga wa brashi za kaboni na grisi. Mchanganyiko huo unapitisha umeme. Feni hiyo hiyo inayookoa mota isiungue inameza vumbi la kazi na kulilaza juu ya vihami. Mashine ya daraja la pili haina arthi ya kumwokoa mtu. Kinga yake yote ni kihami, na kihami kikishafunikwa na unga wa chuma, mkono wako ndio unaokuwa njia.

Tuliupuliza unga nje kwa hewa kavu, tukavaa barakoa na miwani, tukafuta kwa brashi na kiyeyusho kinachokauka haraka, tukaiacha ikauke kabisa. Ilipopimwa tena ilipanda hadi makumi ya megaomu. Tangu leo grainda zote zinapulizwa matundu ya hewa mwisho wa siku ya kazi ya chuma, na si siku zikianza kunuka. Mashine za msasa za mbao zilikuwa na vumbi jingi pia, ila vumbi la mbao likiwa kavu ni hatari zaidi ya moto kuliko ya umeme. Likilowa ni habari nyingine.

Brashi za kaboni tumezitazama zikiwa wazi. Zilizobaki fupi zimebadilishwa jozi nzima. Cheche ndogo za buluu pale kaboni inapogusa mota ni kawaida. Cheche zinazozunguka duara zima si kawaida, na mashine hiyo inasimamishwa.

Randa ya umeme haikupita. Kihami chake kilibaki chini hata baada ya kusafishwa na kukaushwa. Imefungwa kitambulisho chekundu.

Jumamosi: ekstensheni

Nimekaa na ekstensheni muda mrefu kuliko mashine zote, kwa sababu watu huzichukulia kama kamba tu.

Hesabu yake ndiyo hii. Msumeno wa wati 2,000 kwenye volti 230 unavuta karibu ampea 8.7. Ekstensheni ya mita 50 ina mita 100 za shaba, kwenda na kurudi. Ikiwa shaba ni ya milimita ya mraba 1.0, ukinzani wake ni karibu omu 1.95. Unapoteza volti 17 njiani, na waya wenyewe unageuka hita ya karibu wati 148. Shaba ya 1.5 inapoteza kama volti 12 na kutoa joto la karibu wati 100. Shaba ya 2.5 inashuka hadi volti 7 na wati 60. Kwenye nchi zenye volti 120 mkondo wa kazi ile ile unakaribia maradufu, na joto linazidi mara tatu na nusu. Ndiyo maana huko waya mnene unahimizwa zaidi.

Wati 148 zilizotandazwa mita 50 sakafuni hazidhuru. Waya huo huo ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto lote linabaki katikati ya mviringo, tabaka za ndani zinapikana na plastiki inayeyuka laivu ikagusa nyutro. Gurudumu letu moja lilipofunguliwa lote, mizunguko ya ndani kabisa ilikuwa imegandana. Nje lilionekana jipya. Magurudumu mengi yana namba mbili kwenye kibao, moja kubwa kwa waya uliofunguliwa wote na moja ndogo kwa waya uliozungushwa. Tumeandika ile ndogo kwa rangi nyeupe mahali pa kuonekana, na kanuni imekuwa kufungua waya wote kila mara, hata kama mashine iko hatua tatu kutoka kwenye soketi.

Kuna upande mwingine ambao nisingependa mtu aukose. Urefu wa ekstensheni unaudhoofisha pia ulinzi wa breka. Tuseme laivu imegusa ganda la chuma la mashine ya daraja la kwanza. Mkondo unarudi kupitia arthi, na kama njia nzima ya jengo ina omu 1, unapata ampea 230, breka inakata mara moja. Ongeza ekstensheni ile ya mita 50 ya shaba ya 1.0 na njia inafika karibu omu 3. Sasa ni ampea 78. Breka ya ampea 16 ya aina B huhitaji kati ya ampea 48 na 80 ili ikate papo hapo, kwa hiyo uko ukingoni kabisa. Aina C huhitaji kati ya 80 na 160, nayo haitakata papo hapo hata kidogo. Itangoja ipate joto, na muda wote huo ganda la mashine lina umeme. Kwa sababu hiyo tumepiga marufuku kuunganisha ekstensheni kwa ekstensheni, na ndefu zote sasa ni za shaba ya 2.5 zenye ganda la mpira. Mpira unavumilia kuburutwa, mafuta na baridi kuliko plastiki ya kawaida.

Ekstensheni za nyaya mbili zisizo na arthi zimetolewa karakana nzima. Mashine ya daraja la pili ingefanya kazi nazo salama, lakini siku moja mtu atachomeka drili ya mezani.

Jumatatu: breka ya uvujaji

Kifaa hiki ndicho kinachomlinda mtu aliyekwisha kushika laivu. Ndani yake laivu na nyutro zinapita pamoja katikati ya pete ya sumaku. Mkondo unaokwenda ukilingana na unaorudi, pete haihisi kitu. Sehemu ya mkondo ikipotea njiani, kwa kupitia mwili wa mtu kwenda ardhini, pete inaihisi tofauti hiyo na kukata. Dalziel yule yule alibuni kifaa cha namna hii mwaka 1961 kwa ajili ya kulinda watu. Vya Marekani hukata kati ya miliampea 4 na 6. Sehemu kubwa ya dunia hutumia cha miliampea 30, ambacho kinatakiwa kikate ndani ya milisekunde 300 kwa mkondo huo, na ndani ya milisekunde 40 ukifika miliampea 150. Kile cha miliampea 300 ni cha kuzuia moto. Kisihesabiwe kuwa kinga ya mtu.

Tumepima kila kimoja kwa kipimaji chake. Kimoja kilikata, lakini kwa kuchelewa kupita milisekunde 300. Kitufe cha majaribio juu yake kilikuwa kikifanya kazi bila tatizo! Kimetolewa. Kitufe kinapitisha mkondo kidogo kando ya pete ili kuona kama mitambo inasogea, na kina faida kubwa kwa sababu mitambo isiyosogezwa inaganda. Hakikupi muda wa kukata, na hakisemi lolote kuhusu arthi, kwani hakiitumii. Unaweza kubonyeza kitufe, kikakata vizuri, kwenye jengo lisilo na arthi kabisa. Kwa hiyo soketi zote zimepimwa arthi peke yake.

Arthi dhaifu na breka ya uvujaji vinahitajiana. Chukua jengo ambalo arthi yake ni fimbo iliyochimbiwa kwenye udongo mkavu, yenye omu 50. Laivu ikigusa ganda, mkondo ni ampea 4.6 tu. Fyuzi ya 13 haitahisi kitu, na ganda litabaki na umeme hadi mtu aliguse. Breka ya uvujaji inaona miliampea 4,600 na kukata papo hapo, kabla ya mkono wowote kufika.

Hata hivyo kifaa hiki hakioni mtu aliyeshika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, akiwa hajagusa ardhi. Kwa pete, mtu huyo ni kama taa iliyowashwa tu. Kadhalika mashine zenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki zinaweza kuvujisha mkondo usio wa mawimbi kamili, na breka za aina AC huenda zisiuone. Tunazobadilisha sasa ni aina A. Ukitumia jenereta ndogo ambayo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi, breka ya uvujaji haitakata hitilafu ya kwanza, kwa kuwa mkondo hauna njia ya kurudi. Huko tumekubaliana mashine za daraja la pili tu, moja kwa wakati mmoja. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza wametumia njia nyingine kwa miaka mingi: transfoma ya volti 110 iliyounganishwa ardhini katikati, ili kati ya waya wowote na ardhi kuwe na volti 55 tu. Napenda sana mpango huo, na kama tungekuwa tunafanya kazi nyingi nje kwenye unyevu ningeupigania.

Mmoja wetu alilalamika kwamba breka inakata ovyo mashine zikiwa nyingi. Hilo lina sababu: kila mashine inavujisha kidogo kupitia vichujio vyake, na breka ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15. Dawa yake ni kugawa soketi kwenye breka mbili au tatu. Mtu akiiruka breka kwa waya wa pembeni, anatoka kwenye karakana hii.

Jumatano: swichi, na umeme unaporudi

Tumezima umeme wa karakana kwa makusudi huku mashine zikiwa zimewashwa na hazijagusa kitu, tukaurudisha. Grainda yenye swichi inayojifunga ilianza kuzunguka yenyewe juu ya meza. Grainda ya sentimita 12.5 huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Fikiria diski hiyo ikiamka karibu na waya wake mwenyewe, au karibu na mkono wa mtu anayeibadilisha kwa kuamini kuwa umeme haupo. Kuanzia sasa umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi. Diski, biti na visu havibadilishwi plagi ikiwa ndani.

Drili ya mezani imewekewa swichi ya sumaku inayoachia umeme unapokatika na haiwaki tena mpaka ibonyezwe. Mafundi wajue kwamba swichi hii haijifungi bila umeme, kwa hiyo mega ikipimwa kwenye plagi inaona waya tu na haifiki kwenye mota. Tumepima mota kutoka upande wa pili wa swichi.

Ijumaa: namna ya kufanya kazi

Waya wa grainda na wa msumeno unapita nyuma ya bega au upande usio wa diski. Waya hauburuzwi juu ya ukingo wa bati wala haupitishwi chini ya mlango. Plagi inachomolewa kwa kushika plagi. Kwenye maji, mashine ya kawaida haiingii, hata kama kuna breka ya uvujaji.

Kabla ya kutoboa ukuta tunatafuta nyaya kwa kitambuzi, kisha tunaangalia soketi na swichi zilipo, kwa sababu nyaya kwa kawaida hupanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye hizo. Ukweli wenyewe ni kwamba kuna nyaya zilizopita mshazari ukutani kwa uvivu wa mtu. Kitambuzi kikisita, umeme wa chumba hicho unazimwa na mashine inachomekwa chumba kingine.

Tumefanya mazoezi pia ya mtu akishikwa na umeme. Usimguse. Zima kwenye swichi kuu au chomoa, na kila mmoja hapa sasa anajua swichi kuu iko wapi hata gizani. Akiwa hana fahamu na hapumui kawaida, ita msaada wa dharura na uanze kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kupumzika hadi msaada ufike. Moyo uliopigwa shoti mara nyingi unatetemeka ovyo badala ya kupiga, na mashine ya kuushtua moyo ikipatikana mapema ndiyo inayouokoa. Aliyepigwa shoti kubwa na akajisikia vizuri anakwenda hospitali vilevile.

Jumamosi: hali ilivyo

Mashine zilizopita zina kibandiko chenye tarehe, daraja, na namba zilizosomwa, na daftari lenye namba hizo liko juu ya meza ya kuazimia. Namba zenyewe zina maana kuliko neno "imepita": grainda ikishuka kutoka megaomu 50 hadi 5 bado inapita, lakini tunajua inaelekea wapi. Grainda na ekstensheni zitapimwa tena kila miezi mitatu, nyingine kila miezi sita, na kukagua kwa macho na vidole ni kila mtu anapochukua mashine. Kitufe cha breka za uvujaji kinabonyezwa kila asubuhi na anayefungua karakana.

Mashine zilizotupwa zimekatwa waya kabisa karibu na ganda, ili asitokee mtu wa kuziokota na kuzichomeka. Randa bado iko na kitambulisho chekundu. Tunangoja stata mpya (sehemu ya mota isiyozunguka), na ikishindikana nayo itakatwa waya. Kazi zilizobaki ni breka mbili za aina A kwa upande wa mbao, na soketi ya kona ya nyuma ambayo arthi yake inasoma omu nyingi kuliko wenzake. Hiyo imezibwa na kufungwa hadi fundi wa umeme wa jengo aje kuifuatilia ukutani.